Kikombe cha Maji ya Majivu

Kosa langu lilikuwa la kikazi, na nililifanya nikiwa nimevaa glavu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye fleti ya mzee mmoja wa Kichina hapa Edmonton, kaskazini mwa London, ambaye nilikuwa nikimhudumia kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa na miaka tisini na moja. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, kazi ambayo Watanzania wengi hapa London tunaifanya na wengi hatuitaji tukipiga simu nyumbani. Mimi naitaja. Namwogesha mtu, namvalisha, namlisha, nasafisha, naandika kwenye simu ya ofisi nilichofanya, kisha napanda basi kwenda kwa mwingine.

Siku ile nilisafisha kuliko kawaida, kwa sababu Alhamisi mkaguzi wa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, alikuwa anakuja kuona kama mzee anaweza kuendelea kuishi peke yake. Alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Binti yake, mfamasia wa miaka sitini hivi, aliniomba nihakikishe nyumba inang'aa. Mzee mwenyewe hakutaka hata kusikia habari ya kuhamishiwa nyumba ya wazee. Alitaka afie pale pale, mbele ya meza yake.

Meza hiyo ilikuwa ndogo, imeegemezwa ukutani sebuleni, na ilikuwa ya jamaa zake waliokufa. Juu yake palikuwa na picha ya babu yake iliyofifia, ya baba yake akiwa na sare ya polisi, na ya mama yake. Palikuwa na bakuli la mchanga la kuchomekea vijiti vya udi, machungwa matatu, na vikombe vinne vidogo kama vya kahawa. Vitatu vilikuwa na chai, kila kimoja mbele ya picha yake. Cha nne kilikaa pembeni, bila picha, kina maji yenye majivu. Siku zote meza ile aliihudumia mwenyewe, mimi sikuigusa. Lakini wiki ile mkono wake ulikuwa umevimba kwa kuanguka, vumbi lilikuwa limejaa, na mkaguzi alikuwa njiani. Nilidhani majivu ya udi yamedondokea kikombeni. Nikayamwaga kwenye sinki, nikakiosha kikombe kwa sabuni, nikakikausha na kukiweka kabatini na vyombo vingine. Kisha nikaandika kwenye simu: sebule imesafishwa, maji machafu yamemwagwa.

Mchana huo hakula. Nilimpashia supu yake, akaitazama hadi ikapoa.

Inabidi nieleze tulivyokuwa tukiishi, mimi naye, ili mtu aelewe kwa nini supu ile ilinisumbua. Tulikuwa watani. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza kwamba kwetu ni neno la heshima alifurahi, akataka na yeye apewe neno la kuniita mimi. Nikampa Dada. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya kuungaunga. Yeye alikipata jikoni kwenye mikahawa, mimi nilikipata ukubwani, baada ya darasa la saba na miaka mingi ya kukaa kimya kwenye nchi ya watu. Labda ndiyo sababu tulielewana vizuri. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kumzidi mwenzake.

Utani wetu mkubwa ulikuwa chai. Mimi naipika na maziwa na sukari, na tangawizi ikiwepo. Yeye aliniangalia kama naua kuku vibaya.

"Dada, unaharibu chai kama Waingereza," alisema siku moja.

"Na wewe Mzee unakunywa maji waliyooshea majani."

Akacheka, kisha akanieleza kwamba chai ile ninayoichezea ndiyo iliyoleta meli za vita kwao. Waingereza waliipenda chai ya China mno, lakini wao hawakuwa na bidhaa ambayo Wachina walihangaika kuitafuta, isipokuwa fedha nyeupe. Basi wakaanza kuwaletea afyuni kutoka India, na watu wakaizoea mpaka wakashindwa kufanya kazi. Ofisa mmoja wa mfalme wa China akayakamata makasha yote ya afyuni, akachimbisha mashimo, akaiyeyusha kwa maji, chumvi na chokaa, akaifungulia njia ikamwagikia baharini. Waingereza wakaja na mizinga kudai haki yao ya kuuza. Wakashinda, wakachukua na kisiwa, na kwenye kisiwa hicho ndiko yeye alikokulia. Baada ya hapo, alisema, kila taifa lenye meli lilikuja na kisu chake: Wafaransa, Warusi, Wajapani, Wajerumani.

Niliposikia Wajerumani niliweka kijiko chini. Mimi kwetu ni Songea. Nikamwambia na sisi tuliwajua. Nikamsimulia vita vya Maji Maji, jinsi watu walivyochoka kulimishwa pamba na kupigwa viboko, wakapewa maji ya dawa wakaamini risasi zitageuka maji. Nikamwambia babu yetu alinyongwa na Wajerumani pamoja na wakubwa wengine wa Kingoni, wakazikwa shimo moja. Alinisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsimulia hapa. Aliniuliza tu kama maji yale yalinywewa au yalinyunyizwa. Nikamwambia yote mawili. Akatikisa kichwa, akaigeukia meza yake.

Kwa Kiswahili sikuwa nimesema uongo. Kaka wa baba wa babu naye ni babu. Lakini nilijua ninachokificha, na nitakisema.

Jumatano nilipofika nilimkuta binti yake jikoni amevaa koti la jana. Alikuwa amelala pale. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake hajatia kitu mdomoni tangu jana, hata chai, na kwamba ameamua: kesho mkaguzi akiuliza, atamwambia ndiyo, mzee apelekwe kwenye nyumba ya wazee, na haraka. Mtu anayeacha kula hawezi kuachwa peke yake. Nilimwelewa. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Nilikwenda sebuleni kumbadilisha shati. Alikuwa ameketi anatazama ile meza, mahali pale pembeni palipobaki alama ya duara kwenye mbao. Ndipo nikajua.

Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuacha kula. Mume wangu alifariki miezi saba kabla ya siku hizo. Alikuwa dereva wa basi, mtu mpole, na nilimzika hapa hapa London ingawa wengi kwenye msiba walinung'unika kwamba mtu husafirishwa kwao. Sijutii. Aliniomba mwenyewe. Nilivumilia mazishi, nikavumilia watu kuondoka, nikarudi kazini wiki ya pili. Kisha binti yangu, kwa nia njema kabisa, akafua foronya ya mto wa baba yake. Aliporudisha mto kitandani ukanuka sabuni. Siku tatu sikuweza kumeza kitu, na sikuweza kumwambia mtoto sababu, maana ningemwambiaje? Kwamba amenifulia harufu?

Nikapiga magoti mbele ya Mzee, nikawa namfunga vifungo.

"Mzee, kile kikombe cha pembeni nilikimwaga mimi. Nilidhani ni uchafu. Kiko kabatini, hakijavunjika."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukunizuia?"

Alitupa macho upande wa jikoni, alikokuwa binti yake. "Ningesema nini? Kwamba kuna mtu wa nne?"

Akaniambia habari za mtu wa nne. Alizungumza polepole, na mimi nilivifunga vifungo polepole zaidi, mpaka nikavifungua na kuvifunga tena.

Kwao ni pwani ya kaskazini, mkoa wa Shandong. Wajerumani walichukua bandari upande wa kusini, Waingereza wakachukua nyingine, karibu na kijiji chao. Babu yake alikuwa na mdogo wake. Mwaka mmoja mvua ilikataa, reli za wageni zilikuwa zinapasua makaburi, na wamishenari wakiingilia kesi za vijiji. Vijana wakaanza kukusanyika kufanya mazoezi ya ngumi, na kwa ajili ya ngumi hizo Waingereza waliwaita mabondia. Walichoma karatasi za njano zilizoandikwa maneno ya dawa, wakatia majivu kwenye maji, wakanywa, wakaamini risasi haitawaingia. Yule mdogo alikunywa. Alikuwa na miaka kumi na minane. Kaka yake, babu wa Mzee, alikuwa ameshaandikishwa na Waingereza kwenye kikosi chao cha askari wa Kichina, na kikosi kile kile kikapelekwa kupigana na mabondia. Mdogo hakurudi. Kaka alirudi na picha, ile iliyopo mezani, na mwanawe alipokua akawa polisi wa Waingereza kule kisiwani. Nyumbani jina la mdogo likakatazwa. Polisi wa Mwingereza hawezi kuwa na bondia ukoo mmoja. Bibi peke yake, jikoni, alichoma kipande cha karatasi ya njano kila mwezi mpya, akatia majivu kwenye maji, akamfundisha mjukuu wake na kumwambia asiseme. Mzee alikuwa amefanya hivyo kwa miaka zaidi ya themanini. Kumbe ndiyo sababu king'ora cha moshi sebuleni kilikuwa kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea. Mwaka mzima nilidhani ni uzee.

"Nilifikiri wewe utakijua kile kikombe," alisema. "Wewe wa maji."

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kukaa na uongo wangu mdogo. Mtu hawezi kufunguliwa mlango kiasi hicho halafu yeye akaacha wake umefungwa.

Nikamwambia kwamba yule aliyenyongwa alikuwa kaka wa baba yake babu yangu. Baba wa babu yangu mwenyewe, ambaye nimetoka kwenye damu yake, hakunyongwa. Aliwaonyesha Wajerumani njia. Aliwapeleka mahali watu walipoficha mahindi na ulezi, wakachoma maghala, na njaa ile iliua kuliko risasi. Bibi yangu aliniambia nikiwa msichana, tukichambua maharage, akasema na wewe usiseme. Nami sikusema. London nilipofika nikawa na kabila la mashujaa, kila mtu huku anataka babu aliyenyongwa, na mimi nilikuwa naye, wa kuazima.

Sikumwogopa Mzee. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli ikishasemwa inakaa pale, haihitaji kusukumwa.

"Alijaribu kuokoa watoto?" aliuliza.

"Sijui, Mzee. Bibi hakusema. Labda aliogopa tu."

"Wangu alipenda viatu. Waingereza walimpa viatu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Dada, unaona? Waliokunywa hawakuzaa. Sisi wote wawili ni wajukuu wa waliobaki nyuma."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Tunapenda kuuliza watu walifanya nini wageni walipokuja kuwatawala, kama vile kila nchi ilijibu kwa sauti moja. Kwao na kwetu majibu mawili yalitoka nyumba moja, kwa mama mmoja, mtoto huyu akanywa maji na huyu akavaa viatu. Aliyekunywa ndiye wa kujivunia. Aliyevaa viatu ndiye aliyetuzaa. Mimi sina elimu ya kusema nani alikuwa sahihi, ila najua kwamba anayemkana mmoja wao anadanganya.

Mzee aliacha kucheka akanishika mkono. Alisema wakimpeleka kwenye nyumba ya wazee, picha tatu zitakwenda naye, binti yake atazifunga vizuri. Kikombe cha nne kitabaki na vyombo. Watakitoa kwenye duka la hisani la vitu vya mitumba, pamoja na sahani. Akaniomba nikichukue mimi.

Nikakataa. Haturuhusiwi kuchukua kitu cha mteja, lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Nilimwambia kikombe si changu na mfu si wangu. Nikikichukua nitakiweka dirishani, nitakikumbuka miezi miwili, halafu kitakuwa kikombe.

"Mwambie mwanao," nikasema.

"Baba alinikataza."

"Baba yako unampa chai kila siku, Mzee. Atakugombeza vipi, na chai nyingine atapewa na nani?"

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Kisha akasema yeye hawezi, mdomo wake umezoea kufungwa kwa miaka themanini na zaidi, lakini mimi naweza, kwa kuwa mimi siogopi kusema. Aliponiruhusu niliinuka pale pale, kabla hajabadili mawazo.

Binti alikuwa anafuta jiko lililokuwa safi. Nilimwambia kwanza kosa langu, maana hilo ndilo lilikuwa langu kulisema: kwamba baba yake hajaumwa, amefiwa upya, na mimi ndiye niliyemwaga. Nilimwambia anaweza kupiga simu ofisini kwetu akitaka nibadilishwe, namba iko kwenye faili. Kisha nikamwambia habari za mtu wa nne kama nilivyoambiwa, viatu, karatasi ya njano, na ile kofia ya kuogea. Yeye amezaliwa hapa hapa London. Lugha ya baba yake anaisikia, lakini humjibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyotujibu sisi. Alisikiliza akiwa ameshika kitambaa.

"Kwa nini akuambie wewe?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Ilimuuma tu.

"Kwa sababu mimi ni mpita njia. Kwa mpita njia mtu hapotezi kitu."

Alifungua kabati, akavitazama vikombe vidogo vilivyopangwa, vyote vinafanana. Aliniuliza ni kipi. Nikamwonyesha, nilikuwa nakikumbuka kwa ufa mwembamba karibu na ukingo. Akakitia maji ya bomba, akasimama nacho.

"Majivu kiasi gani?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi niliyamwaga tu."

Akaenda sebuleni. Mimi nilibaki jikoni, nikampigia meneja wangu, nikamwomba arekebishe maelezo ya Jumanne: sikumwaga maji machafu, nilimwaga kitu cha ibada cha mteja bila kumuuliza. Meneja akasema fomu yake haina kisanduku cha kuandikia hilo. Nikamwambia aandike popote, ila aandike. Kupitia mlangoni nilimsikia Mzee akiongea Kichina mfululizo, na binti yake akimuuliza kitu kwa Kichina hicho hicho, kwa kukwama, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nilipoingia na supu, aliinywa. Alilalamika kwamba haina chumvi.

Alhamisi mkaguzi alikuja, kijana mwenye heshima, na kitu cha kwanza alichokiona ni king'ora kilichovaa kofia. Mzee alijibu maswali yote vizuri na kula biskuti mbili mbele yake ili aonekane. Haikusaidia. Miguu yake ilikuwa imekwisha, na hilo halikuwa suala la kikombe. Mwezi uliofuata alihamishiwa kwenye nyumba ya wazee, mabasi mawili kutoka kwangu. Alikuwa amepinga mwaka mzima, lakini siku ya kuhama hakupinga. Vitu vyake vya mezani binti alivifunga mbele yake kimoja kimoja, na kikombe cha nne alikifunga kwenye soksi yake mwenyewe ya sufu, akakitia mfukoni mwa koti.

Nilikwenda kumtembelea Jumapili moja baada ya ibada, kwa nafasi yangu, bila sare. Meza ilikuwa dirishani, picha tatu na vikombe vinne. Pale kuchoma kitu ni marufuku kabisa, hata udi. Binti yake anachoma karatasi ya njano nyumbani kwake kwenye sinki, dirisha likiwa wazi, na kila mwezi mpya analeta majivu kwenye kichupa kidogo cha viungo. Kichupa bado kina karatasi yake ya zamani, inasema bizari. Mzee alinionyesha kwa fahari kubwa, akasema mdogo wa babu yake sasa anasafiri kwa basi kama watu wengine wa London. Kisha akaniuliza kuhusu wangu.

Nikamwambia ukweli, kwamba sisi hatuweki vikombe. Lakini kanisani kwetu mwezi wa Novemba tunapewa karatasi ya kuandika marehemu wetu, inawekwa chini ya altare, wanaombewa mwezi mzima. Ule ulikuwa Novemba wa kwanza wa mume wangu. Asubuhi ile, kabla ya ibada, nilikuwa nimeandika jina lake kwa mwandiko wangu bora. Chini yake nikaandika yule aliyenyongwa. Hapo kalamu ilisimama, na binti yangu, aliyekuwa amekaa karibu nami kwenye benchi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimemaliza.

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba bado mmoja. Nikamwandika na yule aliyeonyesha njia. Binti yangu akauliza huyo ni nani, na kabla padre hajatoka sakristia nilikuwa nimeshaanza kumweleza.